Imeili moja ya ofisi, watu wanne: tuvitenganishe vitu vinavyochanganywa

Hapa Mbeya, ukianzia Mwanjelwa ukaja Kabwe mpaka Mafiati huku unasoma mabango ya ofisi, wakala wa forodha, wauza pembejeo, wakusanyaji wa parachichi za Rungwe, wenye mchele wa Kyela, utakuta karibu wote wana namba ya simu na chini yake Gmail yenye jina la kampuni na tarakimu mbili tatu za kusindikiza maana jina tupu lilishachukuliwa. Uliza hiyo Gmail ni ya nani, utajibiwa ya ofisi. Uliza pasiwedi anayo nani, hapo sasa. Anayo bosi, dada wa mapokezi anayo, mhasibu anayo, na yule kijana aliyeacha kazi mwaka juzi akahamia Tunduma naye bado anayo, na hamna aliyewahi kukaa akalifikiria hilo.

Tuchukue ofisi ya mfano, watu wanne, wanauza parachichi nje. Asubuhi saa tatu mnunuzi wa Uholanzi anaandika anataka proforma, yaani ankara ya awali ya bei, ya kontena moja ya parachichi aina ya Hass. Dada wa mapokezi anaifungua, anaona ni mambo ya bei, anasema hii ya bosi, anaiacha. Ila kwa kuifungua tu tayari imehesabika imesomwa, ile rangi nzito ya imeili mpya imeshatoka. Bosi yuko kwenye gari anaelekea Makambako, anachungulia kwenye simu, anaona imeshafunguliwa, anajua basi wameshamalizana nayo. Jioni mhasibu anagundua haijajibiwa, anatuma bei ya wiki iliyopita maana ndo aliyonayo. Saa tano usiku bosi anashtuka kitandani, anatuma bei mpya. Mnunuzi anaamka anakuta bei mbili kutoka anwani moja, zote zimesainiwa "Utawala", na anaanza kujiuliza anafanya biashara na nani hasa.

Hapo intaneti haikusumbua, Gmail haikukosea na hata watu wenyewe kila mmoja alifanya kitu cha akili. Shida ni kwamba kuna vitu vinne tofauti kabisa vimefungwa pamoja vikaitwa "imeili ya ofisi": jina la anwani, boksi barua zinapokaa, programu ya kusomea, na watu wanaoruhusiwa kuingia. Fundi akija anakuuzia vyote vinne kama kitu kimoja, na we unadhani ukibadili kimoja lazima ubadili vyote. Si kweli, na ukishaviona kimoja kimoja hata kuchagua kunakuwa kwepesi.

Tuanze na jina. Kile kinachokaa baada ya alama ya @ kinaitwa domeini, na kwa kampuni ya biashara hapa kwetu ya kawaida ni .co.tz, asasi wanachukua .or.tz, shule nazo zina za kwao, na siku hizi unaweza kuchukua hata .tz tupu. Majina yote ya .tz yana msimamizi wake hapa nchini na unayapata kupitia wasajili waliokubaliwa, unalipia kwa mwaka, hela yake ni ndogo, hiyo haipaswi kumuumiza kichwa mtu. Kinachoumiza ni nani ameandikwa kama mwenye jina. Fundi anakusajilia kwa imeili yake, simu yake, kadi yake, miaka miwili mbele mnagombana au anahama mji, jina la kampuni yako limekaa mfukoni mwake. Hii sio stori ya kutishana, inatokea sana, kwa hiyo siku ya kusajili kaa pembeni yake uhakikishe mwenye jina ni kampuni, imeili ya mawasiliano ni ya mwenye ofisi mwenyewe, na pasiwedi ya akaunti ya msajili unayo wewe. Fundi apewe ruhusa tu ya kuingia kufanya kazi.

Kitu cha pili ni boksi. Hapa ndo watu wengi wanachanganya, wanaamini tovuti ikikaa kwa kampuni fulani ya hostingi, yaani ya kuhifadhi tovuti, basi na imeili lazima zikae hapo hapo. Hapana. Domeini ina mistari yake ya maelekezo, na mmoja unaitwa MX, kazi yake ni kuiambia dunia barua za jina hili zipelekwe seva gani. Fikiria S.L.P. ya ofisi yenu pale posta: ofisi inaweza kuwa Soweto au Uyole au mkahamia Forest, sanduku liko palepale posta na barua zinajua pa kwenda. Kwa hiyo tovuti inaweza kubaki kwenye hostingi ya bei rahisi na imeili zikakaa Google au Microsoft au Zoho, kampuni nyingine ya huduma za imeili, unabadili MX tu na tovuti haijui hata kilichotokea.

Kuna mafundi pia wanaopendekeza mfunge seva yenu ya imeili hapo hapo ofisini. Kwa ofisi ya watu wanne, na umeme huu, jibu ni hapana, tusonge mbele.

Cha tatu ni programu ya kusomea, yaani Outlook, Thunderbird, apu ya Gmail kwenye simu, au brauza tu. Programu sio boksi, ni dirisha la kuchungulia kwenye boksi, lakini kuna setingi moja humu imelaza watu macho wazi. Unapounganisha programu na boksi unaulizwa POP au IMAP. POP ni ya zamani, ilitengenezwa miaka ya 1980 kwa dunia ambayo mtu ana kompyuta moja na laini ya simu: inavuta barua kutoka kwenye seva inaziweka kwenye kompyuta, na usipoiambia vinginevyo mara nyingi inazifuta kule seva. Sasa weka POP kwenye kompyuta ya mapokezi halafu wengine watatu wawe kwenye simu. Barua inaingia, kompyuta ya mapokezi inaimeza, wengine hawaoni kitu, na dada akizima kompyuta Ijumaa barua za wikendi bosi anaziona vizuri, Jumatatu asubuhi kompyuta ikiwaka zinapotea kwenye simu yake kama zimeibwa. Halafu siku diski ya ile kompyuta ikifa, na vumbi la kiangazi na umeme unaorudi kwa kishindo zinakufa tu, imeili za miaka mitatu zimeenda nayo. IMAP yenyewe inaacha barua kwenye seva na kila kifaa kinaona kitu kile kile: folda zile zile, zilizosomwa, zilizojibiwa, zilizotumwa. Kwa ofisi chagua IMAP, au tumia brauza na apu ya mwenye huduma, POP mwachie anayejua kabisa kwa nini anaitaka.

Ila angalia, IMAP haijatibu ule ugonjwa wa mnunuzi wa Uholanzi, kwa namna fulani ndiyo iliyouleta, maana mmoja akifungua inaonekana imefunguliwa kwa wote. Dawa yake iko kwenye kile kitu cha nne, watu, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna njia tatu za watu kadhaa kuingia kwenye imeili moja. Ya kwanza ndo hiyo ya kugawana pasiwedi. Ubaya wake unaanza siku mnapowasha uthibitisho wa hatua mbili, ambao kwa sasa ni lazima muwe nao, namba ya uthibitisho inaenda kwenye simu moja, na hiyo simu ni ya bosi ambaye yuko Kasumulu anahangaika na mzigo na mtandao haushiki. Kwa hiyo mnazima hatua mbili ili kazi iende, na hapo mmebaki na pasiwedi tupu ambayo watu watano wanaijua na imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi. Tena kwa jicho la Google watu wanaoingia akaunti moja kutoka simu nne mikoa mitatu wanafanana sana na mwizi, utakuta mmezuiwa siku ambayo tenda inafungwa. Na mtu akiondoka inabidi kubadili pasiwedi na kuigawa upya kwa wote, jambo ambalo kiukweli hakuna anayelifanya.

Njia ya pili ni kila mtu kuwa na akaunti yake na boksi la pamoja likawa limefunguliwa kwao kwa ruhusa. Mtu anaingia kwa pasiwedi yake, kwa simu yake, halafu pembeni anaona na boksi la ofisi. Microsoft 365, huduma ya kulipia ya Microsoft, wana boksi la pamoja kabisa ambalo halilipiwi leseni yake mpaka lifike GB 50, wanaolipiwa ni watu wanaoingia humo. Google wanaita kukasimu akaunti, na wengi hawajui kwamba hata Gmail ya bure inaweza: ukiwa kwenye kompyuta ingia setingi sehemu ya akaunti, ongeza anwani ya Gmail ya mwenzako, yeye anakubali, anaanza kusoma na kujibu bila kujua pasiwedi. Kwa Gmail ya kawaida unaruhusu mpaka watu 10. Hawezi kubadili pasiwedi yako, na ukipenda jibu linaonyesha limetoka ofisini na limetumwa na nani, ambapo kwa ofisi ya watu wanne hilo peke yake linamaliza nusu ya ugomvi. Udhaifu wake ni kwamba inafanya kazi vizuri kwenye brauza ya kompyuta kuliko kwenye simu, na wafanyakazi wetu wengi maisha yao yako kwenye simu, basi hilo lipimeni kabla.

Njia ya tatu ni kundi. Anwani ya ofisi haina boksi lake, ni jina tu, barua ikija inasambazwa nakala kwa kila aliye kwenye kundi. Rahisi sana, kwenye Google Workspace, ile huduma ya kulipia ya Google kwa ofisi, na Zoho kundi halilipiwi kama mtu. Shida kila mmoja anapata nakala yake, hujui mwenzako kajibu au hajajibu mpaka mjibu na kunakilisha kundi, na binadamu wanasahau. Google Groups wana namna ya kuligeuza kundi likawa inboksi ya ushirikiano, barua inapewa mtu, ikiisha inawekwa alama imekamilika. Kwa ofisi inayopokea maswali mengi ya wateja hiyo ni nzuri, kwa inayopokea imeili sita kwa siku ni mzigo, watu wataikimbia wiki ya pili.

Ukiniuliza mimi, ofisi ya watu watatu mpaka sita njia ya pili ndo yenyewe, na kundi liwe kwa vitu vya taarifa tu, mfano anwani ya kazi ambayo CV zinaingia na kila mmoja azione.

Bei sasa, maana najua ndo swali mlilokuwa mnalisubiri. Google Workspace na Microsoft 365 zile za chini zinacheza dola 6 au 7 hivi kwa mtu kwa mwezi ukilipia kwa mwaka, na kawaida yao ni kupanda sio kushuka. Watu wanne kwa dola 7 ni dola 336 kwa mwaka, na mwenye ofisi akisikia hivyo anarudi kwenye Gmail yake ya bure mbio. Lakini nani kasema wote wanne walipiwe? Dereva hahitaji boksi, WhatsApp inamtosha. Mnaweza kulipia watatu au hata wawili, na majina mengine, hesabu@ na mauzo@ na info@, yakawa ni majina ya ziada yanayoangukia kwenye boksi la mtu ambaye tayari analipiwa. Google wanaruhusu mpaka majina 30 ya ziada kwa mtu mmoja bila kuongeza hela. Nimeona ofisi inalipia maboksi manane na watu wanaofanya kazi ni watatu, hayo mengine matano ni majina tu. Zoho wao wana mpango wa chini kabisa wa dola 1 hivi kwa mtu kwa mwezi wenye nafasi ya GB 5, kwa ofisi ya maneno matupu na PDF ndogo inatosha, kwa mnaotumiana picha za mizigo na hati zilizoskaniwa rangi kamili itajaa haraka. Kulipa, kadi ya Visa ya mtandaoni ya kwenye simu inakubalika, hakikisha tu siku ya kukatwa ina salio, maana huduma ikisimama barua mpya nazo zinasimama.

Imeili za bure zinazokuja na hostingi ya tovuti je? Sizidharau. Umelipia hostingi, ndani unakuta unaweza kufungua anwani hata ishirini, inasomeka kwenye brauza na kwa IMAP. Kwa kikundi cha wakulima au asasi inayoanza pale Tukuyu ni mwanzo mzuri. Jua tu unachokubali: nafasi mnagawana na tovuti, hostingi ikiisha muda tovuti na imeili zinazima siku moja, bakapu usipouliza usitegemee, na seva ile mnakaa wengi, jirani mmoja akitumia vibaya akatuma takataka, seva nzima inaingia kwenye orodha mbaya na proforma yako halali inaanza kuangukia kwenye spamu ya watu.

Na hilo la spamu lina upande wake mwingine ambao ni kazi ya fundi lakini mwenye ofisi lazima aulize. Kuna mistari mitatu inawekwa kwenye domeini. SPF inataja seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM inaweka sahihi kwenye kila barua ili anayepokea ajue haijachezewa njiani, DMARC inamwambia apokeaye afanye nini na barua isiyopita hizo mbili. Tangu Februari 2024 Gmail wanamtaka kila anayewatumia barua awe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma kuanzia barua 5,000 kwa siku wawe na zote pamoja na DMARC. We huna barua elfu tano, lakini weka zote tatu tu, ni kazi ya dakika chache, na zinasaidia kwenye ule utapeli wa mtu kujifanya ni mhasibu wenu anamwandikia mteja kwamba "tumebadilisha akaunti ya benki". Hazizuii tapeli aliyesajili jina linalofanana na lenu kwa herufi moja, hiyo bado dawa yake ni simu, mteja apige athibitishe kabla ya kulipa. Ukitaka kujipima tuma imeili kwenda Gmail yako binafsi, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vile vidoti vitatu uone chanzo chake, pale juu utaona SPF, DKIM na DMARC zimeandikwa zimepita au hazijapita.

Kuna na suala la sheria ambalo ofisi ndogo zinadhani haliwahusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ukiangalia ndani ya inboksi ya ofisi ya kawaida ya hapa utakuta vitambulisho vya NIDA vya wateja, hati za kusafiria, mikataba ya wafanyakazi, namba za akaunti. Vyote hivyo viko wazi kwa kila mwenye ile pasiwedi, pamoja na yule wa Tunduma.

Teknolojia ikishakaa, bado mnahitaji makubaliano ya watu, na haya hayauzwi. Mtu mmoja awe na zamu ya inboksi kwa wiki, yeye ndo anagawa: hii ya bosi, hii ya hesabu. Kwenye Gmail tengenezeni lebo zenye majina ya watu, anayefungua barua isiyo yake anaibandika jina la mhusika na kuirudisha kuwa haijasomwa. Mambo ya bei anajibu mmoja tu. Kila jibu liwe na jina la mtu chini, "Utawala" sio mtu.

Mkishaamua kuhama, msianze na MX. Anzeni na kuorodhesha ile Gmail ya zamani imefungwa wapi na wapi: akaunti ya BRELA, ya TRA, NeST kwa wanaoomba tenda za serikali, benki, msajili wa domeini, kurasa za mitandao ya kijamii. Kote huko namba za uthibitisho na viungo vya kubadili pasiwedi vinaenda kwenye anwani hiyo, ukiipoteza kabla ya kubadili utakuwa unapanda ngazi za ofisi za watu na barua yenye muhuri. Badilisheni moja moja, kila moja jaribu kuingia upya kabla ya kwenda inayofuata. Gmail yenyewe msiifute, badilini pasiwedi, toeni vifaa vyote vilivyoingia humo, muweke hatua mbili kwenye simu ya mwenye ofisi, muifowadi kwenda anwani mpya, na mtu awe anaingia humo mara moja moja maana Google wanaweza kufuta akaunti binafsi iliyokaa miaka 2 bila kutumika.

MX badilisheni Ijumaa jioni wateja wakiwa wamepoa. Mabadiliko yanaweza kuchukua hata saa 48 kuenea kote, na humo katikati barua nyingine zitaingia boksi la zamani na nyingine jipya, kwa hiyo mpaka Jumatatu mchana mwenye zamu awe anachungulia kote kuwili, na hostingi ya zamani isikatwe mpaka barua zake zote zimehamishwa na mhasibu ametafuta risiti moja ya mwaka jana kwenye boksi jipya akaipata.